Ubao wa Mnada Hausemi Yote

Jumatano, tarehe 4 mwezi wa tisa

Mama, shikamoo,

Naandika huku mdogo wake Pilipili amelala mapajani mwangu, kwa hiyo ukiona mstari umeruka ujue amepiga teke. Sisi wazima. Mwanao bado yuko kambi ya barabara na huu mwezi wa pili sasa mshahara wao haujatoka. Ameleta salamu tu, nimezipokea, salamu nazo ni kitu.

Kwanza nikushukuru. Kila nikipita kwenye kitanda chako kitupu nasema moyoni, mama wakwe wengine hukaa wakangoja chai, wangu amembeba mjukuu mgongoni hadi hospitali ya mjini, analala naye chini, ili mimi nibaki na huyu anayenyonya. Sina cha kukulipa ila kuwatunza hawa ng'ombe wawili ulioniachia.

Sasa habari yenyewe. Jana nilikwenda mnadani kuangalia tu, kama ulivyoniagiza. Nilipanda kwenye uzio nikakaa na wanaume, mtoto mgongoni. Mlangoni kwa karani kuna ubao mweusi, wameandika kwa chaki: maksai, mia mbili arobaini kwa kilo. Mama, mia mbili arobaini. Nilirudi nyumbani nusu natembea nusu nakimbia. Nikamtazama maksai wetu Shingo alivyorefuka, nikasema huyu hapungui kilo mia nne. Nimepiga hesabu nyuma ya kalenda mara tatu, inakuja tisini na sita elfu. Daktari wa miguu anataka sabini kuunyoosha mguu wa Pilipili uliopinda tangu kuzaliwa, pamoja na viatu vyake. Itabaki ya sabuni na nguo yako mpya.

Sijasahau kwamba daktari ni mgeni hapo, anaondoka mwisho wa mwezi na harudi mpaka mwakani, na kwamba anataka fedha kabla ya tarehe ishirini na tano. Usihangaike. Jumanne ijayo nampeleka Shingo mnadani. Shangazi hatutamgusa. Mwambie Pilipili kwamba yule ng'ombe aliyempa jina la Shangazi hajambo, anatoa lita sita kwa siku, na anamsalimu kwa mkia.

Mkweo,
Mama Pilipili


Jumapili, tarehe 8

Mama Pilipili,

Marahaba. Mtoto mzima. Wamembadilishia plasta ya tatu na kisigino kimeanza kutii. Yeye mwenyewe hajaanza, amemng'ata muuguzi.

Shingo asiende Jumanne. Shuka kwanza huko juu ulikopanda.

Nimeuza ng'ombe tangu baba mkwe wako alipofariki, huu mwaka wa ishirini na nane. Ule ubao hausemi uongo, ila hausemi yote. Karani huandika bei ya juu ya siku ile, na bei ya juu ni ya ng'ombe mmoja, aliyelishwa mashudu miezi minne akawa kama pipa. Wewe kuisoma ukadhani ni yako ni kama kumwona bibi harusi wa jirani ukaanza kushona nguo za harusi ya kwako.

Fanya hivi. Mwulize karani bei ya chini ilikuwa ngapi, wengi wao walikwenda kwa ngapi, na wangapi walirudishwa nyumbani bila kuuzwa. Hilo la mwisho watu hawaulizi, nalo ndilo kubwa. Wakirudi wengi, ujue wanunuzi wameshiba, na siku hiyo hata ng'ombe wa dhahabu atauzwa kama mbuzi.

Halafu mwite bwana mifugo aje na utepe wake ampime Shingo kifuani. Macho ya mwenye ng'ombe huongeza kilo mia.

Kisha rudi ukae kwenye uzio na penseli. Kila ng'ombe akitoka kwenye mizani wanamwandika kilo zake kwa chaki matakoni. Andika kilo, andika mwili wake ulivyo, andika bei, na andika nani kanunua. Hasa nani kanunua.

Haya tuyaseme kwa barua. Kwenye simu ya dukani wanaosikiliza ni wengi kuliko wanaonunua.

Bibi yake Pilipili


Jumatano, tarehe 11

Mama, shikamoo,

Nimeshuka. Nimeshuka mpaka chini kabisa, sasa nahesabu vumbi.

Bwana mifugo alikuja, hakuchukua hata senti, Mungu ambariki. Utepe umesema kilo mia tatu na kumi na nane. Akaniuliza nani alikwambia mia nne, nikamwambia macho. Akacheka, akasema macho hayo yanafaa kuchagulia mchumba.

Jana nimekaa kwenye uzio tangu asubuhi hadi mwisho. Karani nilimwogopa, lakini nilipomwuliza aliweka kalamu chini akanijibu yote, tena akanipa karatasi mbili za kuandikia. Bei ya chini mia na arobaini. Wengi, mia na sitini. Waliorudi nyumbani bila kuuzwa ni ishirini na mmoja kati ya hamsini. Ukame huu kila mtu anauza kwa sababu majani yamekwisha. Kwa hiyo Shingo kwa mia na sitini ni hamsini elfu na kidogo. Sabini hatufiki, Mama. Nimehesabu mbele na nyuma, hatufiki.

Kuna kitu sikukielewa. Walipita maksai wawili wa kilo karibu sawa, wote mbavu nje. Mmoja mzee alinunuliwa na mchinjaji kwa mia na hamsini. Wa pili kijana, mwembamba vilevile, akaja mtu mmoja amevaa buti za mpira akampandisha hadi mia na themanini na tano. Hakuwa na wa kushindana naye ila yule mchinjaji. Kwa nini alipe zaidi kwa mifupa ileile?

Na jambo jingine. Jirani yetu Redio ameniambia siku ya mnada nimlambishe Shingo chumvi, halafu nimpe maji mpaka akatae, ataongeza kilo ishirini. Anasema wote hufanya. Nifanye?

Au twende na Shangazi pia? Nauliza tu.

Mkweo,
Mama Pilipili


Jumapili, tarehe 15

Mama Pilipili,

Chumvi mwachie Redio atie kwenye mboga zake. Ng'ombe wote huingizwa zizini saa mbili, mizani inafunguliwa saa sita. Kabla ya hapo maji yote yameshamwagika chini, na pale pa kumwagia hawalipi. Na kama yakibaki, mnunuzi anamgusa tumbo kwa fimbo, anajua. Atakukata bei ya kilo zote kwa ajili ya zile ishirini za uongo.

Swali lako la buti ni la akili, nimefurahi. Mchinjaji ananunua nyama iliyopo leo. Mwenye buti ana shamba lenye majani au anategemea kuwa nayo, ananunua nyama itakayokuwepo baada ya miezi mitano. Kwa hiyo ng'ombe mmoja ana bei mbili. Shingo wetu amebadili meno mawili tu, ni kijana wa mifupa mirefu. Mchinjaji akimwona anaona mifupa. Mwenye buti anaona nafasi ya kujaza. Sasa hivi mwenye buti ni mmoja kwa sababu ardhi imekauka. Mvua ikinyesha wiki mbili watakuja watano na malori, na wao kwa wao watapandishiana.

Basi ngoja mvua. Muda upo. Daktari amesogeza safari yake, atakaa mwezi mmoja zaidi. Kwa hiyo usiuze kwa hofu. Anayeuza kwa hofu humwuzia mwenzake ng'ombe na usingizi wake pamoja.

Shangazi asiguswe. Sitaki kuulizwa tena.

Barua hii inaletwa na mama wa kitanda cha nne, mwanawe ameruhusiwa, anapita njia hiyo. Mpe chai. Mwandiko usiushangae, kalamu za huku zinateleza.

Bibi yake Pilipili


Jumatano, tarehe 18

Mama, shikamoo,

Barua nimeipata mkononi mwa mama wa kitanda cha nne. Alikunywa chai vikombe viwili, tukaongea mengi ya wodi yenu.

Namshukuru sana daktari kwa kusogeza safari yake. Sisi tunangoja mvua, kama ulivyosema. Hatuna haraka.

Nimempa kondakta wa basi kopo moja la yale mafuta ninayopaka chuchu za Shangazi zikipasuka. Ni mazuri sana kwa mikono pia. Sijui kwa nini nimefikiria kukuletea, nimefikiria tu.

Mkweo,
Mama Pilipili


Jumatano, tarehe 25

Mama, shikamoo,

Sijui nianzie wapi. Nakuomba uisome hii barua mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Jana nilimpeleka Shangazi mnadani.

Mama wa kitanda cha nne aliniambia yote. Aliniambia daktari hajasogeza kitu, tarehe ishirini na tano ni ileile, leo hii ninapoandika. Aliniambia unafua mashuka ya hospitali tangu alfajiri mpaka saa nane, kwamba dawa ya kufulia imekuchubua vidole hadi kijiko huwezi kukishika. Alidhani najua. Mimi niliendelea kumkorogea sukari, nikatabasamu kama anayejua. Alipoondoka nilikaa kwenye kizingiti mpaka chai yangu ikaota ngozi.

Nikasema, mwenye miaka sitini amesimama kwenye maji kwa ajili ya mguu wa mtoto wangu, na mimi nina ng'ombe amesimama zizini. Mwizi ni nani hapo kama si mimi?

Basi jana alfajiri nikamkamua Shangazi kama kawaida, nikamswaga. Hapo ndipo nilipoharibu, nami sikujua. Nilipofika nikaona ng'ombe wa maziwa wa wenzangu viwele vimejaa, vimekaza mpaka vinang'aa, matone yanadondoka chini, wanatembea miguu imepanuka. Nilidhani ni wagonjwa. Kumbe hawakukamuliwa tangu juzi, makusudi, ili mnunuzi aone. Shangazi wangu akaingia kiwele kimelegea kama soksi.

Dalali akamnadi. Mtu wa maziwa, yule mwenye madumu, akaniuliza anatoa lita ngapi. Nikasema sita. Akainama, akatazama, akasema, "Sita za mdomo." Watu wakacheka uzio mzima. Wakamhesabu kuwa ng'ombe wa nyama, wakaanza mia na kumi kwa kilo, wakaishia mia na thelathini. Shangazi, Mama. Mia na thelathini.

Nikamfuata mwenye madumu nikamwambia nimemkamua leo asubuhi, njoo nyumbani kesho uone. Akaniuliza kwa nini basi sikumwacha, kila mtu anajua humwachi mtupu siku ya mnada. Nikamwambia, "Ningemuumiza."

Nilisema hivyo kwa sababu najua. Unakumbuka huyu mdogo alipougua vidonda vya mdomo akakataa kunyonya siku mbili. Nililia kwa kifua kilivyojaa, wewe ukanikanda kwa kitambaa cha maji moto. Ningewezaje kumfanyia mwingine vile?

Mwenye madumu alinitazama kidogo. Hakucheka tena. Akasema, "Dada, wewe huuzi ng'ombe. Unamsindikiza. Mrudishe kwake."

Dalali akaniuliza kama naiacha kamba. Pale muuzaji akikubali bei anamkabidhi dalali kamba, akikataa anaondoka nayo. Mkono ulikataa kufunguka. Nikalipa ushuru wa zizi, nikaondoka na ng'ombe wangu, wanaume wananipisha njia kana kwamba nimefiwa.

Sasa imefika tarehe ishirini na tano na sina kitu. Njia nzima nilikuwa najiuliza, nimemwonea ng'ombe huruma ya asubuhi moja, nikamnyima mwanangu mguu wa maisha. Kama daktari ameondoka, ni mimi. Mwambie Pilipili chochote, ila usimwambie hilo.

Nisamehe kwa kuvunja neno lako. Na ahsante kwa kufua. Neno ahsante ni dogo, nimetafuta kubwa zaidi sijalipata.

Mkweo


Jumapili, tarehe 29

Mwanangu,

Nimesoma mpaka mwisho. Sijakasirika. Nimecheka pale pa soksi, mpaka msimamizi wa dobi akaja kuuliza nina nini.

Futa machozi kwanza, halafu usome polepole. Pilipili amefanyiwa upasuaji Jumatano, tarehe ileile uliyokuwa unaandika. Wamekata mshipa wa kisigino, tundu dogo kama la sindano kubwa, wakamfunga plasta ya mwisho ya wiki tatu. Daktari alinionyesha mguu kabla hawajaufunga. Umelala bapa, Mama Pilipili. Bapa kama wangu na wako.

Na mimi nina yangu ya kuungama. Nilikudanganya kuhusu daktari, kwa sababu nilijua ukishikwa na hofu utamwuza Shingo kwa bei ya ukame, au utafanya ulilofanya. Hospitali walikubali nusu ilipwe mwanzo, nusu kabla ya kutoka. Nusu ya mwanzo sikuwa nayo. Nilianza kufua nikidhani nitaifikisha. Kwa wiki tatu nilifikisha elfu tisa. Iliyobaki alinidhamini msimamizi wa dobi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kukohoa, mshahara wake wa miezi mitatu umeandikwa kwenye karatasi yangu. Nilimwuliza kwa nini, hatujuani. Akasema kwa mwaka wa kumi anafundisha watu kukunja mashuka, wa kwanza kukunja pembe zikakutana ni mimi. Basi. Watu wengine sababu zao ni hizo.

Sasa Shangazi. Hilo la kutomkamua ng'ombe siku ya mnada nalijua. Nimelifanya miaka ishirini na nane. Mmoja kiwele kiliwaka njiani, kikaoza robo nzima, na aliyemnunua alinirudishia mlangoni bila kusema neno. Bado nikaendelea. Nilikufundisha karani, mizani na utepe, hilo sikukufundisha. Nilijiambia halihitajiki kwa sababu Shangazi hauzwi. Uongo. Nilikuwa naona haya kukwambia, wewe unayenyonyesha.

Kama ningekufundisha, leo Shangazi angekuwa kwa mwenye madumu na wewe ungekuwa unanunua maziwa kwake. Usiniambie tena kwamba ulimnyima mtoto mguu. Umemrudishia na maziwa yake.

Mafuta yamefika. Nilielewa siku ileile kwamba unajua, nikanyamaza. Sote wawili uongo hatuuwezi, tunafaa kuuza kwa ukweli tu.

Sasa kazi moja imebaki, na si ndogo. Bila ile nusu hatutoki hapa, wala viatu hawatoi, na bila viatu mguu utarudi ulikotoka. Plasta inafunguliwa tarehe kumi na sita. Angalia mbingu. Yaliyobaki unayajua yote, sina la kukuongezea.

Bibi yake Pilipili


Jumatano, tarehe 16 mwezi wa kumi

Mama, shikamoo,

Mvua ilianza siku mbili baada ya barua yako, ikanyesha kama inalipa deni. Nyuma ya zizi majani yameota hadi kwenye kifundo.

Nilikwenda minada miwili bila Shingo. Mnada wa kwanza waliorudi nyumbani walikuwa kumi na wanne. Wa pili wakawa wanne tu. Nikajua wanunuzi wana njaa. Wenye buti nilihesabu watatu, na malori yao mawili. Redio aliniambia ningoje zaidi, bei inapanda. Nikamwambia tarehe kumi na sita haipandi.

Jana nikampeleka. Sikumpa chumvi, nilimpa maji kidogo asubuhi kwa sababu ana kiu kama sisi. Mpima mizani alimwandika mia tatu na tisa. Hakuna aliyecheka, hata mimi. Nilikuwa na karatasi yangu mkononi, wote waliopita mbele yangu nimewaandika.

Mchinjaji akaanza mia na sitini na tano. Niliwaacha waseme. Mwenye buti mmoja akasema mia na themanini, mwenzake mia na tisini, wakakomea mia mbili. Dalali akaniuliza kama naiacha kamba. Mama, mia mbili si mbaya, na nilikuona akilini umekaa na mtoto kwenye benchi la mlango wa kutokea mnangoja. Lakini niliitazama karatasi. Nikasema, "Kijana mwenzake wa kilo mia tatu na tano amekwenda mia mbili kumi na tano nusu saa iliyopita. Wangu ana mifupa mirefu zaidi, mtazameni mgongo."

Dalali akageuka kwa karani. Karani akasema ni kweli, imeandikwa. Yule mwenye buti wa kwanza akaja akampapasa Shingo mgongoni, akaniuliza nani kanifundisha kusoma ng'ombe. Nikasema mama yangu. Akasema basi kwa heshima ya mama, na wakapandishiana yeye na mwenzake mpaka mia mbili ishirini na moja.

Nikaiacha kamba. Shingo aliondoka bila kugeuka, na mimi nilimshukuru, kwa sababu angegeuka ningelia mbele za watu. Ni sitini na nane elfu na ushee. Nimepita posta mchana uleule, hawala iko ndani ya bahasha hii, imeshonwa kwenye kitambaa. Mlipe yule msimamizi wa dobi kwanza, kabla ya hospitali, mshahara wake urudi kwake wote. Mwambie kuna mtu asiyemjua anayemtaja kila akisali.

Nimekaa kuwahesabu watu wa jambo hili: bwana mifugo na utepe wake, karani na karatasi zake, mama wa kitanda cha nne aliyesema asichojua ni siri, hata mwenye madumu aliyenifukuza. Nilikuwa nadhani mnadani kila mtu ananivizia. Kumbe ukiuliza, wengi wanajibu.

Na wewe sikuhesabu, kwa sababu hesabu ingekwisha hapo.

Mkweo,
Mama Pilipili


Jumapili, tarehe 20

Mwanangu,

Hawala imefika salama. Msimamizi wa dobi amelipwa wa kwanza. Alikataa kuhesabu, akasema pembe zake atazikunja nani sasa. Hospitali wamelipwa, karatasi yetu imegongwa muhuri, viatu tumekabidhiwa. Kilichobaki nimekitia kwenye pindo la gauni langu, ni cha ndama. Mwakani utamchagua wewe mnadani. Mimi nitakaa kwenye uzio.

Mia mbili ishirini na moja sijawahi kuipata kwa maksai mwenye mbavu nje. Nimewasimulia wodi nzima, wamechoka.

Barua hii itafika Jumatatu. Sisi tutakuja Jumatatu inayofuata, basi la saa tisa.

Sasa nisikilize, ni agizo la mwisho. Najua ulivyo. Basi likisimama utakimbia umbebe, mtalia wote wawili na mdogo wake atalia kwa sababu mmelia. Usifanye hivyo. Simama mbali na mlango wa basi, hatua kumi. Nitamshusha mimi, nitamwachia mkono. Anayumba kidogo bado, na njiani kuna kokoto, pengine ataanguka mara moja. Muuguzi amesema akianguka asiinuliwe, ainuke mwenyewe.

Utaumia kusimama. Simama tu. Amefanya mazoezi kwenye korido tangu plasta ifunguliwe na kila akifika ukutani anaugusa na kusema, "Mama."

Mama yako